Ndiyo ya Colin

Colin Hepple alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kipara kimeshaanza kumla utosini, na katika maneno yote ya duniani alipenda moja: ndiyo. Ukimuuliza kama anataka chai, ndiyo. Ukimuuliza kama anataka chai yenye sabuni, ndiyo vilevile, na tabasamu la kukukaribisha. Alizaliwa na akili ya polepole, na mapema sana aligundua kwamba watu wengi wakiuliza jambo huwa wanataka kuitikiwa tu, naye akawaitikia. Mama yake, Norma, aliijua ndiyo hiyo kama alivyojua ngazi za nyumba yake. Haikuwa jibu. Ilikuwa zawadi aliyompa kila aliyemsemesha.

Pale Thornlaw, kijiji cha mgodi wa makaa ya mawe kilichobaki bila mgodi, mtu wa pili kuijua ndiyo hiyo alikuwa Wilf Tweddle, mgane wa nyumba ya mwisho mtaani, ambaye enzi za makaa alikuwa mkaguzi wa usalama chini ya ardhi. Wilf hakumuuliza Colin swali la ndiyo au siyo hata siku moja. Alimpa mambo mawili achague.

"Leo tuanze na wa kijivu au na mweupe?"

"Jivu."

"Kwa nini wa kijivu?"

Colin alifikiri. Akifikiri alikunja uso wote, hata masikio yalisogea. "Mnene."

"Mnene kama nani? Kama mimi au kama mama?"

"Mama!"

"Haya mama Norma, umesikia ushahidi," Wilf alipaza sauti kuelekea kwenye uzio, akacheka mpaka kikohozi cha makaa kikamkamata.

Walikuwa wanazungumzia njiwa. Kila Jumamosi Wilf alimchukua Colin asubuhi, akamfungia kamba za viatu, akaenda naye kwenye banda lake la njiwa wa mashindano nyuma ya nyumba. Njiwa wale husafirishwa kwa lori hadi kusini mbali, wakaachiwa washindane kurudi nyumbani, kisha kila mwenye njiwa akakaa akitazama mbingu. Lakini njiwa akifika akabaki juu ya paa anapiga pozi, hahesabiwi. Mpaka aingie bandani. Ndiyo maana kuna kopo la mahindi. Unalitikisa, njiwa anasikia chakula, anashuka, anaingia mwenyewe. Kazi ya kutikisa kopo ilikuwa ya Colin, na hakuna waziri aliyeifanya kazi yake kwa heshima kama ile. Wilf alimpa hata kopo lake la kukaa nalo nyumbani, ajizoeze.

Siku hizo za Jumamosi Norma alilala. Alikuwa amepita sabini, nyonga imekwisha, na kwa muda mrefu usingizi wake ulikuwa na swali moja ndani yake: nikifa mimi, nani atamwacha Colin akunje uso, akasubiri ajibu? Jibu alilokuwa nalo lilikuwa jina moja tu. Hakuwahi kumwambia Wilf. Mambo ya namna hiyo Thornlaw hayasemwi, hupelekwa kama kipande cha keki kwenye sahani iliyofunikwa.

Sasa, Wilf alikuwa rafiki wa kujitolea chini ya chama kidogo cha parokia, na mwaka ule chama kikamezwa na chama kikubwa cha mjini kiitwacho Bega kwa Bega. Msichana mmoja, Bethany, mratibu, akaja na kompyuta yake akaitisha mkutano wa wazazi. Akaeleza kwamba kuanzia sasa kila anayejitolea kwa watu wasioweza kujitetea atahitaji cheti cha polisi cha tabia njema, na mpaka cheti kije, hana ruhusa ya kuonana na anayemhudumia. Hata mazungumzo hapana.

"Hata waliozoeana miaka?" mzazi mmoja aliuliza.

"Hata wao. Hasa wao," alisema Bethany. "Kule pwani, yule bwana wa kwenye nyumba ya wasichana, watu walimzoea miaka kumi na minane."

Kila mtu alikuwa ameiona habari ile kwenye televisheni, na yale aliyowatendea wasichana. Bethany akaomba wanaokubali wainue mikono, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Norma Hepple. Wala hakukosea. Mwenye mtoto asiyeweza kusema alichotendewa hachezi na mambo hayo.

*

Vyeti vya wengine vikaja. Cha mama wa kwaya kikaja, cha dereva wa basi dogo kikaja, hata cha yule kijana mwenye michoro shingoni kikaja. Cha Wilf hakikuja.

Jumamosi ya kwanza Colin alikaa kwenye kiti cha mlangoni na viatu mkononi. Ya pili vilevile. Ya tatu alivunja kikombe, kwa makusudi, jambo ambalo hajapata kulifanya. Akasimama juu ya vipande akisema, "Samehe. Samehe," kwa sababu ndani ya nyumba ile ndivyo walivyofanya: mwenye kosa husema samehe, na mwenye kukosewa husema nimekusamehe, kisha mambo yamekwisha.

"Nimekusamehe," Norma alisema, akainama kuokota vipande, nyonga ikampigia kelele.

Akampigia simu Bethany.

"Cheti cha Wilf kimekwama wapi, binti yangu?"

"Bi Norma, samahani. Siwezi kuzungumzia habari za mtu mwingine."

"Sikuulizi habari zake. Nakuuliza kimekwama wapi."

"Hizo ndizo habari zake."

"Basi niambie tu, kuna kitu kimeonekana?"

"Siwezi kusema kama kipo, na siwezi kusema kama hakipo. Ningekujibu hivyohivyo hata kama ningeulizwa juu ya askofu."

Norma akaweka simu chini. Maneno ya askofu hakuyabeba. Alibeba yale ya mwanzo, siwezi kusema kama kipo, na ukiyarudia maneno hayo mara kadhaa huku unaosha vyombo, sehemu yake ya pili huwa inaanguka yenyewe.

Akaenda mwenyewe kwa Wilf. Alibisha. Pazia likasogea, mlango haukufunguliwa.

"Wilf! Ni mimi."

"Najua ni wewe." Sauti ilitoka nyuma ya mbao. "Nimeambiwa nisizungumze na nyie, Norma."

"Umeambiwa na nani?"

"Ofisi."

"Hata na mimi? Kwa nini?"

"Kawaulize wao. Mimi sina ruhusa. Rudi nyumbani, mama, mvua hiyo."

Norma alirudi na mvua yake. Ofisi inamtuma kwa Wilf, Wilf anamtuma ofisini, na yeye katikati kama mpira wa watoto. Wiki ileile, mbele ya duka la mikate, Colin alimwona Wilf upande wa pili wa barabara, akarusha mikono yote miwili juu na kuita, "Wif! Wif!" Watu wakageuka. Wilf alisimama kidogo, akashusha kofia yake, akapinda kona ya kanisa akaondoka haraka kuliko mapafu yake yalivyoruhusu. Mikono ya Colin ilibaki juu muda mrefu. Norma ndiye aliyeishusha, mmoja mmoja, watu wakitazama mikate ili wasiwatazame wao.

*

Ikaja siku ya mashindano makubwa, ile ambayo njiwa huachiwa ng'ambo kabisa, Ufaransa. Mtaa mzima ulikuwa nje ya nyumba, wazee na viti vyao, shingo zimekunjwa. Colin naye alikuwa nje, uani kwake, na kopo lake. Hakuna aliyemwambia ni siku gani. Alijua.

Alitikisa kopo tangu asubuhi. Norma alimwambia ingia ule, akaitikia ndiyo, asiingie.

Alasiri njiwa mmoja akatokea juu ya chuo cha zamani, mbawa zimechoka, akazunguka mara moja juu ya paa za mtaa. Alikuwa yule wa kijivu. Akasikia kopo. Badala ya kwenda nyumba ya mwisho, alishuka moja kwa moja uani kwa Norma Hepple, akatua juu ya kamba ya nguo katikati ya soksi, akamtazama Colin kwa jicho moja kana kwamba anasema, haya, nimefika, iko wapi posho yangu.

Colin alilia kwa furaha. Norma akatoka na kitambaa cha jikoni mkononi, akaangalia juu ya uzio, akamwona Wilf.

Wilf alikuwa amesimama kwenye njia ya nyuma, hatua chache kutoka kwenye geti. Saa ya mashindano ilikuwa mkononi mwake. Njiwa bora aliyepata kumfuga yuko palepale, na pete ya mashindano mguuni. Kumchukua, kumfikisha bandani, na jina la Tweddle lingesomwa kwenye klabu ya kijiji usiku huo mbele ya watu wote. Alichohitaji ni kusukuma geti.

"Njoo umchukue!" Norma aliita. "Wilf, utapoteza! Njoo, hakuna anayekuona!"

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya Wilf arudi nyuma. Alimtazama Norma, akamtazama Colin ambaye sasa alikuwa anaruka na kopo lake. Kisha akawapa mgongo, akaondoka, akaacha njiwa na ushindi juu ya kamba ya nguo.

Norma alisimama na kitambaa chake. Mwanamume wa Thornlaw kuacha ushindi wa Ufaransa ili asiingie geti la jirani! Mtu anaogopa nini kiasi hicho? Akalitazama swali hilo, nalo likamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya Bethany aliona lina meno.

*

Jioni, njiwa akiwa amekwisharuka kurudi bandani kwake na birika likiwa juu ya moto, alimkalisha Colin mezani. Alimshika mikono yote miwili. Mikono ya mama ilikuwa baridi.

"Colin. Nisikilize mama. Wilf aliwahi kukushika vibaya?"

Colin aliuangalia uso wa mama yake. Aliona kuna kitu mama anakitaka sana, zaidi ya alivyowahi kutaka kitu chochote, na yeye hakuwa mchoyo.

"Ndiyo," alisema.

Birika likaanza kupiga mluzi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeinuka kulitoa.

Nisimtetee sana Norma, wala nisimwangamize. Alimjua mwanawe. Kichwani kwake kulikuwa na sauti ndogo iliyomwambia muulize tena, muulize kwa njia ya Wilf, mpe mawili achague. Lakini hofu ikiingia nyumbani hukalia kiti cha mwenye nyumba. Hakuuliza tena. Aliogopa kulisikia jibu hilo mara ya pili.

Asubuhi alimwambia Jean Liddle, jirani wa ukuta kwa ukuta, kwa sababu kifua chake kilikuwa kinapasuka na binadamu ana mipaka.

"Shoga, nakwambia wewe tu. Ukisema kwa mtu umeniua."

"Mimi? Mdomo wangu kaburi," alisema Jean. Alisikiliza yote, mkono mdomoni. Kisha akasema taratibu, "Unajua, na mimi nilikuwa najiuliza. Mwanamume mzima, hana mke, kila Jumamosi na mtoto wa mtu. Na vyeti vya wenzake vyote vimekuja. Lisemwalo lipo, Norma. Na kama halipo, laja."

"Halijasemwa bado, Jean. Nimekwambia wewe tu."

"Ndiyo maana yake, shoga. Mimi tu."

Jean alitunza kaburi lake hadi saa ya chakula cha mchana. Alimwambia mumewe tu, kwa nia njema, ili aache kukaa meza moja na Wilf. Mumewe naye alihamisha glasi yake klabuni, akaulizwa kwa nini, akasema hawezi kusema. Na ukishasema huwezi kusema, umesema.

Jumanne Wilf aliingia klabuni akakuta kiti chake cha miaka yote kimewekewa makoti. Aliwauliza kama makoti hayo yana mwenyewe. Hakuna aliyeliondoa la kwake. Akasimama kaunta akinywa taratibu hadi tone la mwisho, kwa sababu hakuwa mtu wa kumwaga alichonunua, akarudisha glasi, akasema usiku mwema kwa chumba kizima. Jumatano mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kando Wilf alipopita. Alhamisi mlango wake ulikuwa na rangi nyekundu, neno moja, ambalo alilisugua kwa brashi na maji ya moto mbele ya mtaa mzima bila mtu kumtolea hata ndoo.

Norma aliyaona haya kutoka dirishani. Alijiambia angetoka, angesema jamani, hatujui bado. Alivaa hata koti. Kisha akafikiri, na kama ni kweli? Akalivua.

Ijumaa vijana waliingia kwenye banda la njiwa.

*

Bethany alikuja Jumatatu, amechangamka, kompyuta kifuani.

"Bi Norma, leo nina habari ninazoweza kusema! Mzee Wilf mwenyewe ameniruhusu. Cheti chake kimekuja. Kisafi kabisa, hakuna hata faini ya baiskeli."

Norma alikaa chini.

"Kilichelewa kwa nini?"

"Aibu tupu. Baada ya kufiwa na mke alikaa kwa dada yake Scotland miezi kadhaa, si ndiyo? Basi polisi wa huku walisubiri wa kule, wa kule wakasubiri wa huku. Faili limelala kwenye meza mbili. Mimi kila wiki nampigia, namwambia vumilia mzee, usimwone Colin, usizungumze na mama yake, ukivunja sharti tunaanza upya. Na hakuvunja! Unajua wengine wanavunja? Huyu hata siku moja." Bethany alitabasamu, kisha akaona uso wa Norma. "Kuna nini? Nilidhani utafurahi."

"Hukupita mtaani kwa upande wa chini?"

"Nimeegesha huku juu. Kwa nini?"

Norma alichukua fimbo yake, akashuka kwenda nyumba ya mwisho.

Wilf alikuwa bandani, anafagia. Manyoya yalikuwa yamekusanywa kwenye kona na mengine yalikataa kukusanyika, yakiinuka kila ufagio ulipopita. Viota vyote vilikuwa vitupu. Juu ya kisanduku kulikuwa na bahasha na kopo la mahindi.

"Wilf."

Hakugeuka. "Sasa tunaruhusiwa kusemezana. Barua ile pale, isome ukitaka."

"Sina haja ya kuisoma."

"Watu wengi walikuwa na haja."

Aliendelea kufagia. Norma alishika mlango, nyonga inamwaka.

"Wote?" aliuliza. "Na wa kijivu?"

"Kopo nililikuta sakafuni. Nadhani walikuta njiwa wametawanyika juu ya paa, jioni ile nilikuwa nimewaachia waruke. Basi wakatikisa." Wilf aliegemea ufagio. "Wakashuka wenyewe kuuawa. Wa kijivu lazima alikuwa wa kwanza, mlafi yule."

Norma alilia bila kuficha. Wilf alimwacha alie, kama mtu anayesubiri lori lipite ili aendelee na maneno yake.

"Ulisema wewe, Norma?"

Angeweza kusema ni Jean. Jean angestahili. "Mimi," alisema.

"Ulimuulizaje?"

"Kama uliwahi kumshika vibaya."

"Akasema ndiyo."

"Akasema ndiyo."

"Na ukaishia hapo."

"Nikaishia hapo."

Wilf alitikisa kichwa polepole, kama zamani akitazama mwali wa taa chini ya ardhi na kuona unabadilika rangi, dalili ya gesi.

"Ungeniambia, Wilf," Norma alisema, na uchungu ukamtoka kama hasira. "Neno moja tu kupitia mlangoni! Ni karatasi inachelewa, subiri. Ungepungukiwa nini? Siku ile ya njiwa ungeingia tu getini!"

"Yule binti alisema hapana mawasiliano."

"Ni mtoto yule! Anasoma kilichoandikwa!"

"Na mimi nilikuwa mtoto nilipopewa chaki." Aliketi juu ya kisanduku, kando ya kopo, kifua kikipiga filimbi. "Kule chini, penye hatari, nilikuwa napiga msalaba wa chaki ukutani. Hapiti mtu. Wanaume wananiambia, Wilf, nafuata koti langu tu, pale, unaliona. Mara moja nikamhurumia mmoja. Nilimtoa mwenyewe, maiti, na koti lake. Toka siku hiyo sikuuliza tena chaki imepigwa na nani. Nikiona msalaba nasimama." Akausogeza ufagio kando. "Na ulikuwa msalaba mzuri, Norma. Uliwekwa kwa ajili ya Colin. Ningekuwa wa mwisho kuuvuka."

"Basi sasa umefutwa. Bethany amesema. Jumamosi hii..."

"Hapana."

"Nakupigia magoti, Wilf."

"Usipige, nyonga yako hiyo, nani atakuinua." Alikaribia kutabasamu. Kisha tabasamu likaisha. "Sikukomoi. Nikiinama kumfungia kamba za viatu sasa, nitakuwa nautazama mkono wangu. Nitageuka kuona nani ananiona. Na Colin atajua. Hajui mengi, lakini hilo atalijua."

"Na cheti?"

"Cheti kinasema polisi hawana neno juu yangu. Mimi sikuwahi kuwa na wasiwasi na polisi."

Alisema dada yake amemwita Scotland, na kwamba safari hii atakaa. Alifunga banda kwa komeo, ingawa hapakuwa na kitu cha kufungia, akampa Norma mkono wake mpaka getini. Hapo wakasimama. Norma alitaka kusema lile neno linalosemwa nyumbani kwake kikombe kikivunjika. Akalizuia, kwa sababu alijua Wilf angemjibu vizuri, na hakustahili kujibiwa vizuri.

*

Jumamosi Colin alikaa mlangoni na viatu mkononi. Lori dogo la kuhamisha mizigo lilipita, likaelekea barabara kuu. Colin alilipungia, kama alivyopungia kila gari.

Baadaye akatoka uani na kopo lake, akaanza kutikisa. Mbingu ilikuwa tupu. Katika nyumba za pembeni watu walifunga madirisha, mmoja baada ya mwingine. Jean ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Norma alileta kiti akakaa karibu na mwanawe.

"Colin. Wilf alikuumiza?"

"Ndiyo."

"Na njiwa wa kijivu? Alikuumiza?"

"Ndiyo."

"Na soksi hizi kwenye kamba?"

"Ndiyo," alisema Colin, akacheka, kwa sababu mama alikuwa anacheza naye na haikuwa kawaida yake.

Yalikuwa maswali mafupi. Jioni ile angeyamaliza yote kabla birika halijachemka.

Alimshika mkono usio na kopo. Sasa lile neno lilitoka.

"Samehe, Colin. Mama amekosa. Mama amekosa sana. Unanisamehe?"

"Ndiyo."

Jibu lilikuja haraka, na tabasamu lake, jepesi kama yale mengine yote. Norma alilipokea akaona halina uzito mkononi. Wingu lilipita, ua ukawa giza, ukawa mweupe tena. Kisha akafanya kile ambacho Wilf angefanya.

"Colin. Umemsamehe mama, au bado?"

Colin aliacha kutikisa. Alikunja uso, wote, hadi masikio yakasogea. Alitazama kamba ya nguo, akatazama njia ya nyuma mpaka nyumba ya mwisho, ambako dirisha halikuwa na pazia. Alifikiri kwa muda mrefu, na mama yake akamsubiri.

"Bado," alisema, akaendelea kutikisa kopo.